Saa ya mita 300 iliyokufia maji ya kiuno

Mzee aliingia saa nne asubuhi, ametoka moja kwa moja kwenye basi la usiku la Kasese. Hakukaa. Aliweka juu ya meza yangu leso iliyofungwa mafundo mawili, akaifungua mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Ndani ya leso kulikuwa na saa ya kuzamia, ya mitambo, isiyotumia betri, ile inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Kasha lake ni la bronzi, na lilipokuwa jipya lazima lilikuwa na rangi ya asali. Sasa upande wa namba 9 lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Pete ya juu, ambayo mzamiaji huizungusha kuhesabu dakika zake, ilikuwa imekwama kabisa. Mfereji kati ya pete na kasha ulijaa ukoko wa buluu-kijani uliomeguka kama sukari guru nilipoukwaruza kwa kijiti cha mbao. Chini ya kioo kulikuwa na matone matatu ya maji. Mishale ilikuwa imesimama.

“Fundi,” akaniambia, “niliuziwa mita 300. Maji yalinifika hapa.” Akaweka kiganja kiunoni. “Hapa tu. Sasa niambie ukweli, mimi si mtoto. Hii ni feki?”

Mzee huyu ni mfanyabiashara wa chumvi. Ananunua Ziwa Katwe, anavusha mpaka wa Mpondwe, anauza Kasindi upande wa Kongo. Saa aliletewa kutoka Dubai na mtoto wa dada yake, kwa bei ambayo hapa Kampala ingenunua bodaboda mbili mpya. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa sababu kisa hiki hakihusu hila ya mtu. Kinahusu kitu kilichotengenezwa vizuri kwa ajili ya maji fulani kikapelekwa kwenye maji mengine.

Ila nikiri: niliposikia habari ya maji ya kiuno, wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la mzee. Saa za bandia zimejaa mjini, na kuandika “300 m” juu ya uso wa saa hakugharimu kitu. Nikaipima uzito, nikaangalia michoro ya namba kwa lenzi, nikatazama jinsi kioo cha yakuti kilivyokaa kwenye ukingo wake. Siku mbili baadaye, nilipofika kwenye mashine ya ndani, shaka iliisha. Saa ilikuwa halali. Hapo ndipo swali likawa gumu, maana saa ya bandia kujaa maji haihitaji maelezo. Saa halali ikifa kwenye maji ya kiuno, mtu anastahili kuambiwa kwa nini.

Mita si habari ya maji

Namba ya mita inazungumzia shinikizo. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukuongezea takriban shinikizo moja sawa na la hewa ya usawa wa bahari. Mita 300 ni kama 30 hivi. Maji ya kiuno ni kama sehemu moja ya kumi ya shinikizo moja. Kwa hesabu hiyo saa ya mzee haikuonja hata nusu ya asilimia ya shinikizo ililoundwa kulistahimili.

Lakini saa ya kuzamia ina majaribio mengine ambayo wauzaji hawayasemi dukani. Kanuni ya kimataifa, ISO 6425, inataka saa ipimwe kwa shinikizo la robo zaidi ya kina ilichoandikiwa, isomeke gizani kutoka sentimita 25, na ikae saa 24 ndani ya maji yenye gramu 30 za chumvi kwa kila lita, bila kuharibika. Gramu 30 ni pungufu kidogo ya bahari, ambayo huwa na kama 35. Wanaosoma “300 m” hawaioni namba hiyo ya chumvi, na kwa mzee wangu ndiyo iliyokuwa na maana.

Ziwa Katwe limo kwenye shimo la volkeno, wilaya ya Kasese, pembeni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth. Halina mto wa kutokea. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa pale wanachimba chumvi kizazi baada ya kizazi. Kiangazi kikikaza, maji yale huwa makali mara kadhaa kuliko bahari. Tena si chumvi ya mezani peke yake. Kuna salfati, kuna magadi mengi, na ukikaribia ukingo pua inakutana na harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi ya salfidi ya hidrojeni, na shaba haipatani nayo hata kidogo.

Aliyepita Katwe ameliona pia jengo la kiwanda kilichokufa. Lilijengwa na wataalamu kutoka nje, kwa mitambo mikubwa ya kuchemsha na kusafisha chumvi, na uzalishaji haukudumu kwa sababu mabomba yake yaliliwa na maji yale yale yaliyokuwa yayachakate. Nilipomtajia mzee kiwanda hicho alinyamaza kidogo. Halafu akasema, “Basi hata mimi ningejua.”

Kwa nini bronzi

Nilimuuliza kwa nini alichagua bronzi wakati kwa pesa hiyo angepata chuma au titani. Akajibu bila kusita: baba yake alichimba shaba Kilembe. Mzee amekulia Kasese wakati treni ilikuwa ikisafirisha shaba ya mlimani, na mpwa wake alipomtumia picha za saa tatu, aliiona hiyo yenye rangi ya shaba na akaacha kutazama nyingine.

Sababu hiyo naiheshimu. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, au wakati mwingine na alumini, na baharini ina sifa ya karne nyingi: rafadha za meli, vali, kofia za shaba za wazamiaji wa zamani. Kwenye saa ilichelewa kuingia. Gérald Genta alitoa saa ya bronzi, Gefica, mwaka 1988, na watu wengi waliiona ni kioja. Panerai walipotoa Bronzo yao mwaka 2011 ndipo mtindo uliposhika. Tudor na Oris wakafuata mwaka 2016, na mwaka 2021 Omega wakatoa mchanganyiko wao wenye dhahabu asilimia 37.5 ili rangi isikimbie haraka. Kinachopendwa kwenye bronzi ya kawaida ni kwamba inazeeka. Hewa, jasho na chumvi hujenga juu yake ngozi nyembamba ya kahawia, na ngozi hiyo ndiyo hulinda metali iliyo chini. Saa mbili zilizotoka kiwandani siku moja, baada ya mwaka hazifanani tena.

Kwa hiyo mtu wa Entebbe anayevua samaki Ziwa Viktoria na saa ya bronzi mkononi asihangaike kwa kusoma kisa hiki. Ziwa lile ni maji baridi, na hata sehemu yake yenye kina kirefu ni mita 80 na kitu tu. Saa yake itakuwa ya kahawia, labda na kijani kidogo kwenye kona, na itamzika.

Katwe ngozi hiyo haipati nafasi ya kutulia. Salfidi inaigeuza nyeusi. Kloridi inapenya kwenye vitundu vidogo na kuendelea kula chini yake. Magadi nayo hufanya jambo lake: shaba ikikaa na magadi hutoa ukoko wa buluu-kijani, wenye shaba na sodiamu pamoja. Madini hayo yalielezwa kitaalamu mwaka 1955 baada ya kupatikana juu ya vitu vya bronzi vya Misri ya kale. Nilipoukwaruza ule ukoko kwenye mfereji wa pete nilikumbuka hilo, kwamba saa ya miezi sita ilikuwa imevaa rangi ya vitu vilivyotoka kaburini.

Mfuniko wa nyuma

Kuufungua kulichukua siku mbili, na hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu ndipo nilipokaribia kuandika jibu lisilo sahihi.

Mfuniko ni wa titani, umefungwa kwa meno ya skrubu ndani ya kasha la bronzi. Watengenezaji wengi wa saa za bronzi huweka mgongo wa titani au wa chuma, kwa kuwa shaba ikikaa juu ya ngozi yenye jasho huacha doa la kijani mkononi. Ni uamuzi wa busara. Lakini metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri: moja huliwa, nyingine husalimika. Kati ya titani na bronzi, inayoliwa ni bronzi. Maji yakiwa mepesi na saa ikisuuzwa, umeme huo ni mdogo wa kutosumbua. Maji yakiwa ya Katwe, yakaachwa yakaukie kwenye meno ya skrubu, yakalowa tena kesho yake, yakakauka tena, betri haizimiki.

Siku ya kwanza sikutumia nguvu. Nilitoa mkanda, nikawa nadondosha maji ya uvuguvugu, yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri za gari, tone baada ya tone kuzunguka mfuniko, nikisubiri dakika chache na kuyanyonya kwa karatasi. Karatasi ya kwanza ilitoka kijani. Ya ishirini na ngapi sijui ilitoka nyeupe. Jioni nikaweka mafuta ya kupenya na kuiacha ilale. Siku ya pili niliibana kwenye jiliwa yenye midomo ya nailoni, nikaipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikaanza kuzungusha: kidogo kushoto, kidogo kulia. Iliachia kwa sauti ya mtu anayekanyaga maganda makavu ya karanga.

Kwenye lenzi ya mara 10 meno ya bronzi upande wa namba 6 yalikuwa kama ubao ulioliwa na mchwa. Umbo lipo, lakini ncha ya kibano ikigusa tu yanasagika. Chembe za bronzi zilikuwa zimeganda kwenye meno ya titani. Titani yenyewe niliifuta kwa kitambaa, na maandishi yaliyochorwa juu yake yakatokea kama siku yalipochongwa.

Hapo nilikuwa tayari kumpigia mzee simu na kumwambia maji yaliingilia nyuma. Ushahidi ulikuwa mikononi mwangu. Kilichonizuia ni mazoea niliyofundishwa na mjomba wangu Mombasa, aliyekuwa na meza ya saa kabla mimi sijazaliwa: usichomoe kitu kabla hujachora ramani ya kutu. Unachukua karatasi, unachora duara lenye alama 12, na kila palipo na kutu unaweka nukta. Nikachora. Nukta zote zikakusanyika kwenye namba 3. Shina la kutilia ufunguo lilikuwa jekundu kwa kutu. Springi ndogo iliyo kando yake, ile inayoshika shina unapolivuta kubadili majira, ilikuwa imekatika. Kuelekea namba 6, chini kabisa ya pale meno yalipoliwa, mashine ilikuwa kavu na inang'aa. Mpira mkubwa wa mfuniko wa nyuma ulikuwa bado unazuia.

Maji hayakuingilia nyuma, basi, ingawa yangefika. Nakadiria miezi michache tu ilikuwa imebaki. Lakini yaliyoua saa yaliingilia kwenye kitufe, kile cha pembeni kwenye namba 3, kinachofungwa kwa skrubu na kuvutwa kubadili majira.

Saa moja ya Kasindi

Nikampigia mzee, nikamuuliza swali moja: hicho kitufe cha pembeni ulikuwa unakifungua mara ngapi?

“Kila nikivuka,” akasema, kama kitu kisicho na haja ya kuulizwa.

Uganda tuko saa moja mbele ya mashariki ya Kongo. Ukivuka Mpondwe kuingia Kasindi, saa yako inatakiwa irudi nyuma saa moja, na ukirudi iende mbele. Mzee ni mtu wa miadi, benki ya Kasindi ina saa zake za kufunga na malori hayasubiri. Anavuka mara tatu kwa wiki. Kila safari ni kufungua kitufe mara mbili. Kwa miezi sita ni zaidi ya mara 150, na kila mara vidole vyake vimetoka kwenye magunia ya chumvi. Mtu mwenye saa kama hiyo ofisini Nakasero hufungua kitufe labda mara moja kwa mwezi, kurekebisha tarehe.

Akaniambia na jambo lingine, kwa sauti ya chini. Kuanzia kama mwezi wa tatu kitufe kilianza kuwa kigumu. Kilikuwa kinazunguka vizuri mwanzo, halafu kinagoma. “Nikawa naishia pale kinapogomea.”

Baada ya hapo mambo yalishikana yenyewe. Kitufe ni cha bronzi pia. Meno yake yalichakaa na kujaa ukoko, ndiyo maana kiligoma. Kwa kuwa kiligoma, hakikufika mwisho, na kitufe cha skrubu kisipofika mwisho mpira wake wa nje haubanwi. Ukabaki mpira mdogo wa ndani peke yake, nao ulikuwa umesuguliwa na chembe za chumvi mara 150. Niliutoa kwa ncha ya sindano nikauweka kwenye mwanga: una mikwaruzo mirefu upande mmoja kama kisigino kilichotembea pekupeku. Ongeza jua la Kasese. Saa ikipata joto juani, hewa ya ndani hutanuka. Mkono ukiingia majini ghafla, hewa hiyo hupoa na kusinyaa, na saa huvuta. Kama pembeni mwa shina pana tone la maji ya chumvi, litakwenda ndani. Kina hakina kazi hapo. Hata beseni la kuogea lingetosha.

Kwa hiyo nani alaumiwe? Nimelifikiria hili sana kuliko kazi nyingine yoyote ya mwaka huu. Mzee hakuzembea, alitunza saa kadiri alivyoelekezwa, na hakuelekezwa chochote. Aliyemuuzia mpwa wake alisema mita 300, na ni kweli ni mita 300. Kinachoniuma ni kwamba kuanzia kiwandani hadi Katwe hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza: itaingia maji gani? Tunauziana saa hizi kwa picha za bahari ya samawati, hapa kwenye nchi isiyo na bahari.

Angenunua ipi

Alipokuja mara ya pili hilo ndilo aliloniuliza, na ni swali zuri kuliko lile la feki. Nilimjibu kwa kirefu kwa sababu alitaka kirefu.

Chuma cha kawaida cha saa nzuri, kinachoitwa 316L, kina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayokisaidia mbele ya kloridi. Udhaifu wake uko mafichoni: chini ya mpira, chini ya mkanda, kwenye mfereji ambapo maji ya chumvi yanakaa bila hewa. Huko huchimbika vishimo vidogo. Rolex walianza kutumia chuma cha 904L mwaka 1985, Sinn wa Ujerumani wakachukua chuma cha manowari kwa ajili ya U1 yao mwaka 2005, na Seiko wakaleta chuma chao cha kustahimili zaidi mwaka 2020. Wote wanapigana na vishimo hivyo hivyo. Kwa Katwe, chuma cha namna hii kikisuuzwa kila jioni kingemfaa mzee miaka mingi. Kisiposuuzwa, sitaapa.

Kauri ndiyo ingemchekelea Ziwa Katwe. Ni unga wa oksidi ya zirkoni unaoshindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa kwenye nyuzi joto kama 1,400, ukitoka umesinyaa na umekuwa mgumu kuliko chuma mara kadhaa. Hakuna chumvi, salfidi wala magadi yanayouguza. Omega walitengeneza saa nzima ya kuzamia kwa kauri mwaka 2016, Deep Black, ya mita 600. Lakini nikageuza saa ya mzee nikamwonyesha alama karibu na namba 10. Huo ni mtaimbo. Kule wanaume wanasimama majini wanang'oa mawe ya chumvi kwa mitaimbo ya chuma, na mzee huwa hakai ukingoni kutazama. Bronzi ilipigwa, ikabonyea, ikabaki nzima. Kauri ikipigwa pembeni vile inaweza kupasuka, na kauri iliyopasuka hakuna fundi wa kuijaza. Kasha lote linatupwa.

Nyuzi za kaboni nazo ni nyepesi kupita zote. Panerai walizitumia kwenye saa ya kuzamia mwaka 2015, Tudor mwaka 2023. Watu hudhani kaboni si metali basi haina mambo ya betri. Inayo. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na metali duni kwenye maji ya chumvi, metali ndiyo huliwa. Waunda ndege hutenganisha kaboni na alumini kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kwa sababu hiyo hiyo. Kasha la kaboni lenye skrubu za chuma cha kawaida lingempeleka mzee kwenye hasara ile ile kwa njia nyingine.

Imebaki titani, na hapa sikuficha upendeleo wangu. Titani hujivika yenyewe ngozi ya oksidi, na ukiikwaruza ngozi hiyo hurudi papo hapo, hata ndani ya maji ya chumvi. Historia yake kwenye kazi hii ilianza na lalamiko kama la mzee. Mwaka 1968 mzamiaji mmoja wa mkoa wa Hiroshima, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kina kikubwa, aliwaandikia Seiko kwamba saa zao hazikumfaa. Hawakumjibu kwa tangazo. Walikaa miaka 7, na mwaka 1975 wakatoa saa ya mita 600, kasha la titani ndani ya ngao iliyopakwa kauri. Kinachonivutia mimi zaidi ni kwamba kasha lilikuwa kipande kimoja: halina mfuniko wa nyuma. Mashine inaingilia mbele. Yale meno yaliyoliwa kwenye saa ya mzee, kwenye ile hayapo kabisa ya kuliwa. IWC wakafika mita 2,000 na titani mwaka 1982, na Rolex mwaka 2022 wakauza saa ya titani ya mita 11,000.

Ina kasoro zake. Titani laini, daraja la 2, hukwaruzika mapema na kupoteza sura. Daraja la 5, lenye alumini na vanadi, ni gumu zaidi. Na titani kwa titani kwenye meno ya skrubu hupenda kung'ang'aniana, kwa hiyo fundi asiyepaka grisi atakuja kujuta. Lakini kasha la titani, mgongo wa titani na kitufe cha titani, metali moja mwili mzima, ndilo jibu nililompa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema titani ina rangi ya sufuria.

Chupa

Sikutaka aniamini kwa maneno. Nilimwomba amwambie kijana wake atume maji ya Katwe na basi, yakaja kwenye chupa ya soda iliyofungwa kwa nailoni. Nikamimina kwenye vikopo vitatu vya jemu, nikaning'iniza kipande kimoja kimoja kwa uzi, nusu ndani nusu nje: kijipande cha bronzi kutoka kwenye bizimu la mkanda wa zamani, pingili ya mkanda wa chuma, na mfuniko mbovu wa titani. Kila kipande nikakivalisha mpira mwembamba katikati ili kuwe na maficho.

Siku ya pili bronzi ilikuwa imepoteza mng'ao. Siku ya tano sehemu iliyo ndani ya maji ilikuwa nyeusi, na pale maji yanapokutana na hewa palianza mstari wa buluu-kijani. Wiki ya tatu mstari ule ulikuwa na unene unaouhisi kwa ukucha. Chuma kilionekana kizima hadi nilipotoa mpira: chini yake kulikuwa na nukta moja ya kahawia, ndogo kama alama ya kalamu. Titani niliisuuza, nikaikausha, nikaiweka kando ya mfuniko mwingine ambao haukuingia majini, nikamwita kijana wa duka la jirani aniambie upi ni upi. Hakuweza.

Mzee alivitazama vikopo vile kwa muda mrefu. Mwishowe akasema bado anataka bronzi.

Sikubishana naye. Meno ya kasha hayakuwa ya kutengenezeka, kwa hiyo mpwa wake aliipeleka Dubai kwa wakala wa kampuni, wakabadilisha kasha, kitufe, shina na mipira yote, na mashine ikasafishwa. Ilirudi baada ya miezi minne. Niliipima mwenyewe mbele yake. Kwanza kwa hewa kwenye mashine ya shinikizo, kisha kwa njia ya zamani iliyomo kwenye kanuni: saa inawekwa kwenye sahani yenye joto la nyuzi 40 hadi 45, inadondoshewa tone la maji ya kawaida juu ya kioo, unasubiri dakika moja, unafuta. Kama ndani pana unyevu, ukungu utajitokeza chini ya kioo pale tone lilipokuwa. Tuliinama wote wawili. Kioo kilikuwa safi.

Tumekubaliana mambo machache. Saa hii haiingii tena ziwani; Katwe atavaa saa ya plastiki ya sokoni. Ikipata chumvi njiani, jioni isuuzwe kwa maji baridi ya jerikeni, kitufe kikiwa kimefungwa, na pete izungushwe ndani ya maji ili mfereji utoke chembe. Na majira yabaki ya Uganda. Kasindi atapunguza saa moja kichwani, kama mama zake walivyofanya kabla ya kuwa na saa. Kitufe kikianza kugoma hata kidogo, aje siku hiyo hiyo.

Kasha la zamani wakala alilirudisha kwenye mfuko mdogo. Nilidhani ataniachia nilitumie kufundishia vijana. Mzee alilichukua, akalifunga kwenye leso ile ile, mafundo mawili. Nyumbani Bwera, akasema, ana jiwe la shaba ambalo baba yake alitoka nalo Kilembe. Ataliweka karibu nalo.